Jiji Lina Jina la Maji, Sisi Tunabeba Mitungi

Kwetu maji huja Alhamisi usiku.

Ukiishi kwa ploti yetu huku Eastlands, hiyo siku huhitaji kukumbushwa. Kama saa nne hivi bomba linaanza kukohoa, mfereji unatema hewa, halafu mtu wa chini anapiga kelele, "Yamekuja!" Ploti nzima inaamka. Ndoo, besheni, mitungi, sufuria, hadi chupa za soda. Nimewahi kuacha mechi dakika ya themanini na tano nikashuka ngazi na mitungi miwili mkononi. Bao la ushindi nililisikia kwa majirani.

Kwa miaka mingi niliamini ile hadithi ambayo kila mtu huamini: Nairobi tumejaa, mvua siku hizi haieleweki, kwa hivyo maji hayatoshi. Basi. Kisha siku moja nilikuwa nimemtembelea binamu yangu anayekaa upande wa magharibi wa jiji, nikamuuliza tu kwa mazoea, "Kwenu maji huja siku gani?"

Akaniangalia. "Siku gani aje?"

Manze, hakuelewa swali. Hakuwa anaringa, hapana. Hakuwahi kuishi mahali maji yana siku. Na hapo ndipo nilianza kujiuliza: kama shida ni mvua, kwani mvua huchagua mtaa?

Nikaanza kusoma. Nikamkalisha shosho chini anisimulie. Na nilichogundua ni kwamba ratiba yetu ya Alhamisi haikuanza na ukame. Ilianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakati watu fulani waliketi wakaamua nani ni mkazi wa hili jiji na nani ni mgeni. Acha nikupeleke polepole.

Mji uliozaliwa kwa bahati mbaya

Anza na jina. Wamaasai waliokuwa wakileta mifugo yao hapa walipaita Enkare Nairobi, yaani mahali pa maji baridi. Kwa hivyo kila ukisema "Nairobi" unasema maji. Sawa, weka hiyo kando.

Mwaka wa 1899 reli kutoka Mombasa ikafika hapa. Mbele kulikuwa na milima ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa, na hapa palikuwa tambarare, kwa hivyo wakaweka kituo, karakana na mahema ya wafanyakazi. Hakuna mtu aliyeketi akasema, "Hapa patakaa mamilioni ya watu, tuangalie kama panafaa." Ilikuwa kambi ya reli. Sehemu kubwa ilikuwa kinamasi. Kambi ikakua, maduka yakaja, na kabla watu hawajajua, mji ulikuwa umeshasimama.

Mwaka wa 1902 tauni ikaingia. Ugonjwa huu huenezwa na viroboto wa panya, na panya hupenda mahali pa msongamano na takataka. Wakuu wa wakati huo walifanya nini? Waliteketeza soko la Wahindi kwa moto. Maduka, nyumba, vyote.

Sasa fikiria. Baada ya mkasa kama huo kulikuwa na njia mbili. Moja, wangesema kila mtu apate maji safi, mitaro na vyoo, kwa sababu ugonjwa hauna mipaka. Mbili, wangesema hawa watu ndio wachafu, tuwaweke mbali. Mwaka wa 1913 akaletwa mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, atoe ushauri kuhusu miji ya huku. Pendekezo lake likawa ni hilo la pili: kila rangi ya watu ikae eneo lake.

Ndivyo "afya" ilivyogeuzwa kuwa sababu ya ubaguzi. Wazungu wakakaa kwenye vilima vya magharibi na kaskazini, udongo mwekundu, hewa poa, maji yanateremka yenyewe. Wahindi wakasukumiwa sehemu kama Ngara na vipande vya Parklands. Mwafrika akapelekwa mashariki, ng'ambo ya reli, kwenye udongo mweusi. Kama hujui udongo mweusi ni nini, kuja kwetu mwezi wa nne mvua ikinyesha. Utaacha kiatu hapo.

Mgeni halazwi bomba

Hii sehemu ndiyo ilinikasirisha zaidi, kwa hivyo vumilia.

Serikali ya mkoloni haikumhesabu Mwafrika kama mtu wa Nairobi. Ilimhesabu kama mikono ya kazi. Mwanaume aje mjini, afanye kazi, alale, akimaliza mkataba arudi kwao. Kuanzia 1919 ilibidi atembee na kipande, kile cheti cha kitambulisho kilichokaa kwa kikopo cha chuma na kuning'inia shingoni. Mke na watoto wabaki kijijini. Yeye hapa ni wa kupita.

Na kama mtu ni wa kupita, unamjengea nini? Unamjengea mahali pa kulala. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa rasmi wa Waafrika, watu walijijengea nyumba zao, na vyoo na mifereji ikawa ya pamoja. Mitaa mingine iliyofuata ikawa na vyumba vidogo vya wanaume wanaogawana kitanda na kitanda, mfereji mmoja nje kwa ajili ya watu wengi. Hiyo haikuwa bahati mbaya wala umaskini wa serikali. Ulikuwa mpango. Bomba lilipimwa kulingana na mtu waliyemfikiria: mwanaume mmoja, bila familia, bila kesho.

Ukumbuke mtu huyu alikuwa analipa kodi. Alikuwa anajenga barabara, anapika kwenye nyumba za watu, anasukuma mabehewa. Alilipia jiji ambalo halikumhesabu.

Shosho alikuja Nairobi akiwa msichana, akimfuata mumewe aliyekuwa amepata kazi. Nikamuuliza, "Shosho, mlikuwa mnatoa maji wapi?"

Akacheka. "Kwa mfereji wa wote. Unaamka saa kumi usiku. Ukienda saa kumi na mbili umechelewa, utapata wamama wamepanga foleni hadi kule."

"Na chumba je?"

"Kimoja. Sisi na watoto wanne. Hicho chumba walikijengea mtu mmoja, mtoto wangu, lakini sisi tuliingia wote."

Hicho kifungu cha mwisho nilikiandika kwa simu. Historia yote ya Eastlands iko hapo.

Na usidhani watu walikaa kimya. Miaka ya 1940 ikajengwa Kaloleni, ambayo angalau ilifikiriwa kama mahali pa familia, na ukumbi wake ukawa mahali pa mikutano ya siasa ya Waafrika. Watu walianza kusema waziwazi: sisi si wageni hapa. Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ikapewa hadhi ya jiji kwa hati ya mfalme wa Uingereza. Miaka minne tu baadaye, Aprili 1954, likafanywa lile opareshoni lililoitwa Anvil: askari wakazingira mitaa, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakachujwa, makumi ya maelfu wakapelekwa kizuizini. Kwa usiku mmoja ulikumbushwa kwamba makao yako mjini ni ya kuazima.

Uhuru ulikuja, mabomba yakabaki palepale

Mwaka wa 1962 Charles Rubia akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi. Mwaka uliofuata tukapata uhuru. Sheria za kutenganisha watu kwa rangi zikaenda. Watu wakaingia jijini kwa sababu sasa hakuna aliyeweza kuwafukuza. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286. Ya 1989 ikahesabu 1,324,570. Ya 2019 ikafika 4,397,073.

Lakini sheria unaweza kuifuta kwa kalamu. Bomba lazima ulichimbe.

Na maji yenyewe hayakuwa ya Nairobi tena. Mwanzoni mji ulikunywa ya mto, halafu ya chemchemi za Kikuyu. Yalipokosa kutosha, jiji likaanza kunyoosha mkono mbali: bwawa la Ruiru, kisha Sasumua huko Nyandarua mwaka wa 1956, kisha Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika 1994. Hilo la Ndakaini hubeba mita za ujazo milioni 70 likijaa, na hadi leo ndilo linalolisha sehemu kubwa ya jiji. Juzi juzi ikaongezwa njia ya chini ya ardhi, karibu kilomita 12, inayochota mito ya Murang'a na kuileta bwawani.

Tukiwa hapo, tuwe wakweli. Kuna familia zilihamishwa ili Ndakaini ijengwe. Kuna watu Murang'a wanaoona maji yakipita kwao yakielekea jijini, na mifereji yao imekauka. Kwa hivyo ukisikia viongozi wa kule wakidai haki yao, usicheke. Wanauliza swali lilelile ambalo mimi nauliza: nani alihesabiwa wakati bomba lilipochorwa?

Angalia pia hiyo miaka. Kuanzia 1956 hadi 1994 ni miaka 38. Ndani yake idadi ya watu iliongezeka mara nyingi, na mtaa kama wetu ulioanza na nyumba za chini sasa una fleti za ghorofa sita. Mabomba ya njia nyingi za ndani ni ya hesabu ya kitambo. Unaweza kujaza bwawa hadi limwagike, lakini kama bomba la mtaa ni jembamba, wa mwisho kwenye laini hapati kitu. Hiyo ndiyo sababu mgao hauumi sawa. Mahali palipojengewa mkazi pana akiba ya upana. Mahali palipojengewa mgeni hapana.

Kuna wakati jiji lilijaribu. Mwaka wa 1975 mradi wa Dandora ulianza kwa mkopo wa Benki ya Dunia: ploti kama 6,000, kila moja ikiwa na maji, choo na njia ya majitaka kabla nyumba haijajengwa. Yaani huduma kwanza, nyumba baadaye. Mengi yameharibika Dandora tangu hapo, lakini wazo hilo lilikuwa sahihi.

Kisha ikaja miaka mibaya. Mwaka wa 1983 serikali kuu ikavunja baraza la jiji, na hadi 1992 Nairobi iliendeshwa na tume ya watu walioteuliwa. Karibu miaka kumi bila diwani uliyempigia kura. Ukikosa maji, ulienda kwa nani? Wakati huohuo vijiji kama Mukuru vilikuwa vinajaa, na vikiuliza maji vinajibiwa: ninyi hamna hati, mko kwa ardhi ya watu, hatuwezi kulaza bomba hapo.

Unaskia hiyo lugha? "Mko hapa kwa muda." Ni ile ile ya kipande, imevaa tu suti mpya.

Bei ya kuitwa mgeni

Ukidhani hii ni hadithi ya zamani, toa kikokotoo.

Siku mfereji wetu umekauka, mtu wa mkokoteni hutuuzia mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20. Mambo yakichacha zaidi ni 30, hata 50. Tuchukue hiyo ya 20. Lita 1,000 ni mitungi 50. Mitungi 50 mara 20 ni shilingi 1,000. Sasa lita 1,000 hizo hizo zikipitia kwa mita, kwa mteja mdogo wa nyumbani, bei haifiki hata robo ya hiyo.

Kwa hivyo mwenye kipato kidogo analipa zaidi, anabeba mwenyewe, na hajui maji yametoka kwa kisima gani. Na ukiangalia foleni ya mitungi, angalia nani amesimama. Ni wasichana. Ni mama zetu. Ni yule dogo ambaye hajamaliza kazi ya shule. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20. Kuna watoto wana kilo 25.

Usimlaumu mtu wa mkokoteni. Yeye anaziba pengo ambalo wengine waliliacha wazi, na anasukuma na kifua chake.

Mukuru walifanya nini

Sasa hii ndiyo sehemu inayonipa moyo.

Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru, yaani Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalum la mipango. Hiyo maana yake ilikuwa kusimamisha ujenzi mpya kwa muda na kutengeneza mpango wa mahali hapo, pamoja na watu wanaoishi hapo. Haikuanguka kutoka mbinguni. Wakazi walikuwa wameshajipanga kwa miaka, kupitia vikundi kama Muungano wa Wanavijiji, wakijihesabu nyumba kwa nyumba na kuchora ramani zao wenyewe. Familia karibu 100,000. Walikuja mezani na takwimu ambazo ofisi haikuwa nazo.

Kwa miaka yote waliambiwa hawahesabiki. Wakajihesabu. Mpango ukaandikwa, na vitu vikaanza kuonekana: barabara za lami ndani ya Mukuru, laini za maji, mabomba ya majitaka. Si kila kitu, si kila mahali, na bado kuna malumbano mengi. Lakini linganisha na miaka ya "hamna hati."

Hapo nikaelewa mtindo wa historia hii yote. Bomba hufuata hesabu. Ukihesabiwa kama mtu wa kupita, unapata mfereji mmoja wa nje. Ukihesabiwa kama mkazi, unachorwa kwenye ramani.

Nilienda mkutano, na sikufa

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Haijasema kila mtu mwenye hati. Imesema kila mtu. Huduma ya maji ikawekwa mikononi mwa kaunti, na kifungu cha 196 kikataka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi yake. Ndiyo hiyo mikutano ya bajeti huwa tunaskia na kuipuuza.

Mimi pia nilikuwa naipuuza. Halafu mwaka jana nikaamua kwenda ule wa wadi yetu. Tangazo lilikuwa karatasi moja iliyobandikwa mahali ambapo kijana hapiti. Hati ya bajeti ilikuwa nene, na yote Kiingereza cha ofisi. Tulikuwa watu kama arobaini kwa viti vya plastiki, na chini ya miaka thelathini nilihesabu watatu, mimi nikiwa mmoja. Wengine walikuwa wazee, na wazee hao wanaijua kazi. Mmoja alikuja na bahasha ya barua alizoandika miaka yote.

Zamu yangu ilipofika, sauti ilitetemeka, sitadanganya. Nikauliza: bomba la barabara yetu lililazwa wakati kulikuwa na nyumba ngapi, na leo zipo ngapi? Ofisa akaangalia karatasi zake. Akasema hana hiyo hesabu hapo, ataileta.

Yule mzee wa bahasha akaniinamia akanong'ona, "Sasa umemuuliza swali. Sisi huwa tunamlilia tu."

Katika hati iliyofuata, barabara yetu ilikuwa na mstari mmoja. Kupima na kubadilisha bomba. Mstari tu. Bomba lenyewe halijafika, na pesa zinaweza kutajwa na zisionekane, hiyo nayo ni historia yetu. Kwa hivyo nitarudi mkutano ujao kuuliza mstari umefika wapi. Na ningependa nisiwe wa tatu kati ya watatu.

Fanya hivi vitu viwili wiki hii. Kwanza, uliza mtu mzima wa kwenu walikuwa wanatoa maji wapi zamani, na umrekodi akijibu. Pili, pita ofisi ya wadi yenu uulize mkutano wa bajeti ni lini, halafu tuma hiyo tarehe kwa mbogi yenu. Tunaweza kujaza uwanja usiku wa tamasha, ukumbi wa wadi hautushindi.

Shosho aliamka saa kumi usiku kwa sababu mtu fulani aliamua yeye ni mgeni. Mimi naamka saa nne usiku, Alhamisi, kwa sababu hakuna aliyerudi kusahihisha ile hesabu. Sitaki binti yangu awe na saa yake.

Kwenu maji huja siku gani? Na kama hujawahi kujiuliza, hilo nalo ni jibu.